Versailles Walikosea Kuhusu Moli

Kilo waliitendea haki. Tarehe 16 Novemba 2018 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliokutana Versailles, ulipiga kura ya kukistaafisha kile kipande cha platinamu na iridiamu kilichokuwa kigezo cha kilo, na tufe la silikoni-28 lililosaidia kuikaza namba ya Avogadro ni kazi safi ya mafundi. Hilo tumelimaliza.

Lakini moli iliwakosea nini? Tangu 1971 moli moja ilikuwa na chembe nyingi sawa na atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Wajumbe wakalifuta hilo, wakaweka namba ya Avogadro: chembe 6.02214076×10²³ kamili, basi. Zile gramu 12, nanga ya hesabu zote, zimegeuka kitu cha kupimwa, chenye wasiwasi wake kwenye desimali za mbali. Watetezi wanajibu kwamba hakuna mizani ya shule itakayoiona tofauti hiyo. Sawa, sasa mliikata nanga ya nini? Kilo ingefungwa kwenye namba ya Planck na moli ikabaki na kaboni yake. Hakuna hesabu iliyolazimisha. Walitaka orodha ya vipimo ipendeze, kila kimoja na namba yake, mzigo akabebeshwa mwalimu wa Kidato cha Tatu.

Maana mwalimu akiifuata tafsiri mpya neno kwa neno, anaanza na lundo la chembe lisilohesabika, kisha anahangaika kurudi kwenye mizani. Hapo ndipo unapoingia ule mfano kwamba moli ni kama dazani ya mayai, ambao nimeulalamikia hadi wahariri wamechoka. Mayai yanahesabika kwa kidole, na dazani haisemi lolote kuhusu uzito. Mkemia anaihitaji moli kwa sababu ya uzito. Choma gramu 2.4 za utepe wa magnesiamu, upate gramu 4.0 za unga mweupe. Oksijeni iliyoingia ni gramu 1.6. Gawanya magnesiamu kwa 24, oksijeni kwa 16: 0.1 na 0.1. MgO. Avogadro hakuitwa hata mara moja.

Mkemia Stanislao Cannizzaro alilijua hili. Muhtasari wa masomo yake, uliochapwa 1858, ulipata uzito wa atomu kwa kulinganisha uzito wa gesi na mivuke yenye ujazo uleule. Uligawiwa kwenye kongamano la wakemia la Karlsruhe mwaka 1860, Mendeleev na Lothar Meyer wakiwepo, na tunajua jedwali la elementi walilokuja kulijenga. Wakati huo namba ya Avogadro haikujulikana: Loschmidt hajatoa hata makadirio yake ya ukubwa wa molekuli. Hayo ni ya 1865. Perrin naye, aliyetunukiwa Nobeli 1926, aliifikia namba hiyo mwishoni, baada ya kuhesabu kwa hadubini chembe zinavyotuama majini.

Versailles wameiweka namba hiyo mlangoni. Na mtihani bado unampa mtoto C = 12, akipima gramu 12 ahesabu moli moja, kama vile kura ile haikupigwa.