Injini ya Moto Haikaguliki

Ukaguzi wa gari lililotumika huanza injini ikiwa baridi. Hatua nyingine zote hutegemea hiyo, na ndiyo inayorukwa mara nyingi mjini Songea. Dalali hulitoa gari Lizaboni au Ruhuwiko, hulipitisha kwanza pa kuoshea, kisha hulifikisha kwa mnunuzi Majengo saa nne asubuhi likinguruma. Fundi aliyeitwa hufungua boneti, husikiliza kidogo na kusema injini imetulia. Kukubali kuanzia hapo ni kosa la wazi, na hakuna umakini wa baadaye unaolifidia.

Sababu ni za kiufundi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa na moto, kwa kuwa maji yaliyo kwenye shinikizo humrukia mtu na kumbabua. Kwa hiyo aliyeletewa gari la moto hajui kilichomo ndani: kulanti safi, maji ya bomba yaliyogeuka kutu, au oili inayoelea. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mfuniko usioshika shinikizo huiumiza injini hapa mapema kuliko Dar es Salaam. Kifuniko cha oili nacho hutazamwa kabla ya kuwasha. Ute wa rangi ya chai ya maziwa chini yake huashiria maji yaliyoingia kwenye oili, ingawa safari fupi za msimu wa baridi nazo huacha ute kidogo. Kijiti cha oili ndicho kinachoamua.

Kisha hupigwa stata, na sekunde chache za mwanzo zina habari nyingi kuliko saa nzima ya kuzungushwa mjini. Moshi wa bluu unaotoka na kupotea unatokana na sili za valvu zilizochoka. Ukirudi kila mafuta yanapokanyagwa, pisto ringi zimekwisha. Mvuke mweupe ni wa kawaida katika asubuhi za Juni na Julai, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, mashaka yote yaelekezwe kwenye gasketi ya silinda hedi. Hozi ya rejeta ikikakamaa ndani ya dakika moja, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Mlio wa cheni ya taiming kwenye 1NZ-FE, injini ya IST na Probox nyingi, husikika wakati huohuo, oili ikiwa haijapanda. Robo saa ya mwendo hufuta sehemu kubwa ya ushahidi huu.

Hila ya kung'oa thamostati inastahili kulaaniwa peke yake. Gari linalochemsha hutolewa kifaa hicho, na mafundi wengi wa mitaani huiita hiyo tiba. Mshale wa joto hutulia barabara za Msamala, kisha hupanda gari likiwa na abiria kwenye mlima wa Lukumburu, njia ya Njombe. Hila hunaswa kwa kuanzia baridi tu: rejeta huanza kupata vuguvugu mara injini inapowaka, wakati kwenye mfumo mzima hubaki baridi kwa dakika kadhaa, ndipo joto likaja kwa ghafla. Mnunuzi wa saa nne hana njia ya kuliona hilo.

Mafundi wa enzi za Land Rover 109 na Peugeot 504, wakiwamo waliofunzwa kwenye karakana za abasia ya Peramiho, walisikiliza beringi kwa bisibisi ndefu iliyogusishwa sikio, na moto wa injini waliutafuta wenyewe. Waliowarithi wana mashine ya daignosisi, na mashine hiyo imewapumbaza. Betri ikichomolewa jana yake, kumbukumbu za hitilafu kwenye magari mengi hufutika, na kioo husema hakuna kosa. La kutazama ni kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika tangu kumbukumbu zifutwe. Visipokamilika, jibu la mashine halina uzito. Wachache huifungua sehemu ya vipimo hivyo.

Bodi, bushi, shokapu na tarehe za tairi hukaguliwa vizuri Songea, na hapo mafundi wapewe haki yao.

Umri wa gari ndio mjadala usioisha. Herufi za namba ya usajili huonyesha lini gari liliandikishwa Tanzania, wala si lini lilitengenezwa. IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na namba ya herufi E haipunguzi hata mwaka mmoja. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi. Zilinganishwe na pedali zilizolika, usukani unaong'aa na lebo ya mwaka kwenye mikanda ya viti.

Majaribio ya barabarani huendelea hadi injini ipate moto kamili, na yawe na kilima, kama njia ya Mbinga. Gia ya otomatiki hupimwa mara mbili: ikiwa baridi, kuona kama inachelewa kushika D na R, kisha ikiwa na moto, kuona kama inateleza. Mwanzo na mwisho vyote ni vya lazima.

Kadi, namba ya chasisi na madeni ya trafiki huhakikiwa kabla ya fedha kutoka. Utaratibu huo wa kukagua kabla ya kulipa ulivunjwa hata kitaifa Aprili 2021, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilipohamishia Dar es Salaam ukaguzi wa magari yaliyotumika uliokuwa ukifanyika nchi za nje. Gari likawa linakaguliwa mnunuzi akiwa ameshalipa, na ubovu ulipogundulika bandarini, mzigo ulikuwa wake. Ulikuwa uamuzi mbaya kwa sababu ileile: ukaguzi uliwekwa mahali ambapo hauwezi tena kuzuia ununuzi.

Mnunuzi wa Songea alitake gari lilale alipo fundi wake, funguo zikiwa kwa fundi, na liwashwe saa kumi na mbili asubuhi mbele yake. Muuzaji akikataa, biashara iishie hapo.