Istilahi za Breki kwa Msomaji Asiye na Fundi

Istilahi nyingi za ufundi wa magari ziliingia katika Kiswahili kwa mlango wa gereji. Mafundi walizipokea kwa sikio, wakazizoeza ulimini, na leo breki, klachi, gia na spana ni maneno yetu kama yalivyo mengine. Jambo hilo halina ubaya. Huko gereji, hata hivyo, neno halifanyi kazi peke yake. Fundi hulitamka huku akionyesha kitu chenyewe kwa kidole, na mwanagenzi akikosea hurekebishwa papo hapo. Neno hilo hilo likihamishwa kutoka mdomoni na kutiwa katika kitabu cha maelekezo huachwa bila kidole. Msomaji aliye peke yake nyumbani hana cha kutegemea ila maandishi.

Makala haya yanakusudia kupima istilahi chache kwa kazi moja tu, nayo ni kubadilisha silinda kuu ya breki. Tumeichagua kazi hiyo kwa kuwa kosa la tafsiri hapa haliishii kwenye karatasi. Dereva anapokanyaga kanyagio, pistoni iliyomo ndani ya silinda hiyo husukuma kimiminika kupitia mabomba hadi kwenye breki za magurudumu. Raba za ndani zikichakaa, kanyagio huzama polepole hadi sakafuni, hata kama nje hapaonekani tone lililovuja. Magari mengi yanayotumika Tanzania yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na maelezo yaliyo juu ya vifuniko vyake ni ya Kijapani au ya Kiingereza. Kwa hiyo mfasiri ana kazi ya lazima hapa.

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Gerejini huitwa masta silinda. Anayetaka usanifu wa haraka angeweza kuandika mcheduara mkuu, kwa kuwa mcheduara ni istilahi ya hisabati iliyokwisha kukubalika. Pendekezo hilo halifai. Mcheduara ni umbo. Silinda ni chombo kinachofanya kazi. Silinda kuu ni jina zuri zaidi, ila lina upungufu mmoja: magari mengi yenye klachi ya mguu yana silinda nyingine ya namna hiyo, ndogo zaidi, inayoendesha klachi, na mara nyingi huwa karibu na ile ya breki. Mwandishi anayesema tu “fungua silinda kuu” hajasema ipi. Jina kamili, silinda kuu ya breki, halina budi kutajwa lote kila mara maelekezo yanapoanza hatua mpya.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Kile kinachotiwa katika chupa iliyo juu ya silinda hiyo huitwa na wengi mafuta ya breki. Karibu katika magari madogo yote kitu hicho si mafuta hata kidogo. Aina zinazojulikana kama DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na raba za breki huchaguliwa zipatane nazo. Mtu akiamini kwamba ni mafuta, anaweza kuongeza mafuta ya injini au ya usukani yaliyomo stoo. Raba hizo zikikutana na mafuta ya madini huvimba na kulainika, na mfumo mzima huharibika. Isitoshe, yako magari machache, kama baadhi ya yale ya Citroën, yaliyoundwa kutumia mafuta ya madini hasa. Ikiwa vitu vyote viwili vitaitwa mafuta, tutavitofautishaje?

Tunapendekeza kimiminika cha breki. Neno kimiminika linafundishwa shuleni pamoja na yabisi na gesi, wala si geni kwa mtu yeyote. Jina hilo lina faida ya kutoahidi asichokijua msomaji: humlazimu aangalie kifuniko aone ni aina gani. Tena kimiminika cha glaikoli hunyonya unyevu wa hewani. Kwa kiwango cha Marekani, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikisha kunyonya maji kikomo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta tuyajuayo jikoni hujitenga na maji. Ni vigumu kumshawishi mtu kwamba “mafuta” yake yamenyonya maji na yanapasa kumwagwa.

Tatu ni kitenzi. Silinda mpya ikisha kufungwa, hewa iliyobaki ndani sharti itolewe, kwani hewa hubanika na kimiminika hakibaniki kwa kiasi cha kuhisiwa na mguu. Mafundi husema kutoa upepo. Usemi huo una ladha ya Kiswahili na ni bora mara mia kuliko kutafsiri Kiingereza neno kwa neno, jambo ambalo lingeleta habari za kutoa damu. Lakini upepo ndio pia uliomo katika tairi. Maelekezo yakisema “toa upepo katika gurudumu la nyuma la kushoto”, msomaji mtiifu atachutamia vali ya tairi. Iandikwe: toa hewa katika breki ya gurudumu la nyuma la kushoto.

Nne ni neno funga. Kufunga breki ni kusimamisha gari. Kufunga silinda ni kuiweka mahali pake. Kufunga skrubu ni kuikaza. Katika kutoa hewa watu wawili hushirikiana, mmoja kwenye kanyagio na mwingine kwenye skrubu, na mpangilio haukubali kukosewa. Mguu ukiinuliwa kabla ya skrubu kukazwa, hewa hufyonzwa tena ndani. Hapo amri ya “funga” haimwambii yeyote kati yao afanye nini. Vitenzi vinne vyatosha: kanyaga, legeza, kaza, achia.

Huenda ikasemwa kwamba mafundi hawatabadili usemi wao kwa ajili ya orodha yetu. Ni kweli, wala hatuwaombi. Hakuna neno hata moja tulilopendekeza ambalo limebuniwa. Yote yamo vinywani mwa watu. Tunachowataka wafasiri na walimu ni kuchagua, miongoni mwa maneno yaliyo hai, lile lenye maana moja mahali linapotumika. Na kipimo chake ni rahisi: kabla orodha ya istilahi haijapitishwa, apewe mtu asiye fundi, mbali na gari, aeleze kwa maneno yake atafanya nini katika kila hatua. Akiuliza “kipi hicho?”, istilahi hiyo irudishwe mezani.