Fundi wa Ramani Aliyeishi Ugenini

Ernst Georg Ravenstein alizaliwa Frankfurt mwaka 1834, mtoto wa mchora ramani. Alipotimiza miaka 18 aliihama Ujerumani, akaenda London kujifunza kwa August Petermann. Tangu 1855 aliitumikia Wizara ya Vita ya Uingereza kwa kalamu na rula kwa miaka mingi. Hakufukuzwa kwao, lakini maisha yake ya kazi yaliishia ugenini.

Kazi yake inayotuhusu zaidi ni ramani ya Afrika Mashariki aliyoitayarishia Royal Geographical Society kati ya 1881 na 1883, kwa kipimo cha 1:1,000,000. Kwa kipimo hicho, Eldoret na Iten zimetengana kwa sentimita 3 na kidogo. Mito, mabonde na njia, vyote vitoshee humo.

Mtu aliyeketi London huchoraje njia ya bara? Kwa kusikiliza. Msafiri anasimulia: siku tatu kutoka kisimani hadi mlimani, jua la asubuhi likimpiga bega la kulia. Basi njia yaelekea kaskazini. Mizigo ilikuwa mizito? Mvua ilinyesha? Fundi hugeuza siku kuwa maili, hupunguza kwa kuwa njia hupinda, kisha hutafuta msafara mwingine uliopita papo hapo. Pasipo na habari, karatasi hubaki nyeupe, na huo ndio uungwana wa fundi.

Wenye habari walikuwa watu wa huku. Sadi bin Ahedi, kutoka karibu na Gazi, alimsimulia mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe njia za misafara ya bara, zikachapishwa 1870, miaka 13 kabla msafiri Joseph Thomson hajavuka uwanda wa Uasin Gishu. Kuzisifu ramani za zama hizo bila kumtaja Sadi ni kumdhulumu.

Mwaka 1885 Ravenstein, mgeni mwenyewe, aligeukia wahamaji wenzake. Alipekua hesabu za sensa ya Uingereza, akaonyesha kwamba wengi huhama mwendo mfupi, na kwamba wakienda mjini, nafasi waliyoiacha hujazwa na wa mbali kidogo. Wanafunzi wa jiografia bado wanazisoma kanuni hizo. Eldoret, iliyoanzia kwenye shamba namba 64 na kutangazwa jiji Agosti 2024, ni mahali pazuri pa kuzipima: waulize abiria wa matatu za Kapsabet na Iten wazazi wao walizaliwa wapi.