Kongole kwa Mama wa Vikapu

Msichana akilegeza mshono, mama aliyeketi naye kivulini hamkemei. Hupitisha kidole pale penye kasoro, na msichana hufumua mwenyewe. Hiyo ndiyo shule ya ususi huku Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar.

Malighafi ni miyaa ya mkoma, mti usioogopa ukame. Majani hukaushwa na kuchanwa, mengine hutiwa rangi, kisha hushonwa mzunguko juu ya mzunguko kuanzia kitako. Kitako kikienda upande, kikapu kizima kitayumba. Ndiyo maana walimu hawa hukomalia mwanzo.

Lakini mkono mwepesi ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni riziki: hesabu siku zako kabla ya kutaja bei, usimwachie mchuuzi akupangie, ukipewa oda ya vikapu kumi vya kimo kimoja, vifanane kama mapacha.



Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama wa Kalokol wamekubali kufunza yote mawili: mshono wa nyumbani na hila za soko. Ejok noi, yaani vyema sana kwa Kiturkana, mama zetu. Mikono yenu isichoke.