Amarone kwa Shangazi

Mwaka juzi niliandika kwamba Amarone si mvinyo wa kunywa na ugali. Niliandika hivyo nikiwa sijawahi kuuonja. Nilikuwa nimesoma tu, na kila nilichosoma kilitaja nyama pori, jibini iliyokaa miaka na wali wa Kiitalia uliopikwa kwa mvinyo huohuo. Msomaji mmoja akaniuliza: basi sisi tunywe maji? Sikumjibu.

Desemba iliyopita rafiki aliyesoma Verona aliniletea chupa. Nikaifunga ndani ya sweta, nikashuka nayo kutoka Tunduma hadi bonde la Rukwa, Ivuna, kwa shangazi.

Amarone hutoka vilima vya Valpolicella, jirani na Verona. Zabibu zake, hasa aina ya Corvina, hazikamuliwi zikishavunwa. Huanikwa chini ya paa kwa miezi mitatu au minne mpaka zinyauke, halafu sukari yake karibu yote iachwe igeuke kilevi. Ndiyo maana chupa nyingi zina asilimia 15 au zaidi. Nilikuwa naendelea kueleza, shangazi akanikatisha: "Kumbe wanapunguza maji, mwanangu. Kama chumvi."

Ujanani alipika chumvi. Udongo wa kwenye chemchemi unatiwa kwenye chungu chenye matundu, unamwagiwa maji, na yale yanayochuruzika yanachemshwa mpaka ibaki chumvi tupu. Kazi hiyo ni ya kale hapa. Waakiolojia Brian Fagan na John Yellen waliandika juu yake mwaka 1968. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ukaushaji wa zabibu za Valpolicella. Hakuna iliyonieleza vizuri kuliko sentensi yake.

Tulifungua saa nane mchana, na hilo lilikuwa kosa langu. Washauri wa mvinyo husema mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba wanachokisema ni cha kwao, nyuzi 16 hadi 18. Ivuna mwezi wa Desemba kilevi kilitupanda puani, tukakohoa. Nikarudisha kizibo, chupa ikalala ndani ya mtungi wa maji mpaka jioni.

Jioni tulianza na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Vibaya kabisa: samaki na ukakasi wa mvinyo vilikutana vikaacha ladha ya msumari mdomoni. Mjomba naye alinusa glasi akatabasamu, kwa sababu harufu ni ya zabibu kavu na cheri, na yeye amezoea dompo ya Dodoma. Akanywa. "Umenidanganya, mpwa." Hakukosea. Pua inaahidi sukari, ulimi unapata ukavu na uchungu kidogo mwishoni. Hata jina lenyewe limetokana na neno la Kiitalia la uchungu. Ningempelekea Recioto, ndugu yake mtamu, angefurahi.

Kisha ikaja nyama ya mbuzi, iliyotokota tangu mchana kwa chumvi na kitunguu tu, mafuta yakielea juu. Hapo mvinyo ulibadilika. Mafuta na chumvi viliulainisha ule ukakasi, na nguvu iliyotukohoza mchana ikawa joto la kupendeza nyuma ya nyama. Ugali haukuingilia chochote. Ulisafisha ulimi, tukaonja upya kila tonge kama mara ya kwanza. Nilipogusa pilipili, moto wake na kilevi vikaungana, mvinyo ukapotea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeniuliza, nilikosea. Unywe na ugali, nyama iwe ya mafuta na iliyopikwa taratibu, pilipili ikae mbali. Bado nina ugomvi na bei: chupa ile ingetununulia mbuzi mwingine, na sina hakika kwamba nisingemchagua mbuzi.

Shangazi alikataa glasi ya pili. Chupa ameiosha, ameitia mafuta ya alizeti.