Jalada Moja, Rafu Mbili: Sam Kahiga, Leonard Kibera na Hatima ya Riwaya ya Mapenzi Nchini Kenya

Makala haya yanamchunguza mtunzi wa riwaya za mapenzi, msiba uliomfika, na jinsi biashara ya uchapishaji inavyoweza kumpotosha mhakiki anayetaka kuyafungamanisha mambo hayo. Mtunzi ni Sam Kahiga. Msiba ni kifo cha nduguye, Leonard Kibera, mwaka 1983.

Kibera alikuwa mhadhiri wa fasihi huko Kahawa, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jirani na chuo hicho, kando ya barabara iendayo Thika, upo mtaa wa Githurai 45, ambao nambari yake ilitokana na njia ya basi. Ujirani huu si wa ramani tu. Kahawa fasihi hufundishwa na kutahiniwa. Githurai wamo makarani, mafundi na wachuuzi, yaani wasomaji wale wale ambao riwaya pendwa hudai kuwaandikia. Kibera amewekwa upande wa kwanza, Kahiga upande wa pili. Swali ni nani aliyewatenga.

Hawakuanza hivyo. Mwaka 1968 East African Publishing House ilitoa Potent Ash, mkusanyo wa hadithi fupi wa ndugu hao wawili chini ya jalada moja. Nyingi kati ya hadithi hizo zinahusu Hali ya Hatari na majeraha iliyoyaacha katika jamaa za Wagikuyu. Miaka miwili baadaye Kibera alitoa Voices in the Dark, riwaya kali kuhusu uhuru uliowasahau waliopigania. Kahiga naye aligeukia mapenzi ya vijana wa mjini: The Girl from Abroad ilitoka mwaka 1974, na Lover in the Sky mwaka 1975.

Hapa ndipo mhakiki anapaswa kutazama kwa makini, kwani riwaya hizo mbili za mapenzi zilipewa makazi tofauti. Ya kwanza iliingia katika African Writers Series ya Heinemann, msururu ule ule uliobeba kazi za Ngugi na Achebe. Ya pili iliwekwa katika Spear Books, msururu wa burudani ulioanzishwa baada ya Son of Woman ya Charles Mangua, ya mwaka 1971, kuwaonyesha wachapishaji kwamba Mkenya wa kawaida yu tayari kununua kitabu. Mtunzi ni yule yule, na mwaka mmoja tu umepita. Kilichobadilika ni rafu. Wahakiki wengi waliipokea rafu hiyo kana kwamba ni hukumu ya kisanaa, ilhali ilikuwa uamuzi wa muuzaji.

Mwaka 1979 Kahiga alitoa When the Stars Are Scattered pamoja na hadithi za Flight to Juba. Kisha katika orodha ya vitabu vyake vikuu pana pengo refu, hadi Dedan Kimathi: The Real Story ya mwaka 1990. Katikati ya pengo hilo ndipo Kibera alipofariki. Ni rahisi mno kusema kwamba majonzi yalimnyamazisha mtunzi wa mapenzi. Tafsiri hiyo inavutia, lakini haina ushahidi. Pengo lilianza miaka minne kabla ya kifo. Tena muongo huo ulikuwa mgumu kwa riwaya yenyewe: Comb Books ya David Maillu ilikuwa imekwisha kuanguka, East African Publishing House ikadhoofika hadi kufungwa, na mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ukawavuta wachapishaji kwenye vitabu vya kiada. Mtunzi angeweza kuwa na miswada kabatini na asipate wa kuichapa.

Kwingineko soko hulifanyia huzuni jambo jingine. Danielle Steel wa Marekani, ambaye riwaya zake ni maarufu miongoni mwa wasomaji wa Kenya, alifiwa na mwanawe Nick Traina mwaka 1997. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu mwana huyo, His Bright Light, kilikuwa madukani. Huko msiba wa mtunzi wa mapenzi hupata mhariri, jalada na msomaji anayeungoja. Orodha ya Kahiga haina kitabu cha namna hiyo, na uchapishaji wa Kenya wa miaka ya 1980 haukuwa na rafu ya kukiweka.

Linalobaki kwa mhakiki ni matini. Kahiga wa mwaka 1990 anarejea kwa Kimathi, yaani kwenye Hali ya Hatari ile ile aliyoiandika pamoja na nduguye mwaka 1968. Marejeo hayo yanastahili kuzingatiwa kuliko ukimya uliotangulia. Yanadai pia kwamba riwaya za mapenzi zilizo kati ya vitabu hivyo viwili zisomwe upya, zikikabiliana na Potent Ash badala ya kulinganishwa na vitabu vya Spear peke yake. Wanafunzi wa uzamili wanaoitafiti Voices in the Dark wangefaa kuisoma sambamba na The Girl from Abroad.