Mshona Bendera

Kidete inajulikana kwa stesheni kuliko kwa kitu kingine. Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, inapita hapa kwenye bonde la Mkondoa, kati ya Mzaganza na Godegode. Sasa reli ya kisasa nayo ina kituo chake hapa. Penye reli hapakosi bendera. Gadi akipunga ya kijani, treni inaondoka. Ikitokea nyekundu, dereva hana la kuuliza. Haina nembo wala maandishi. Ni rangi tupu, na lazima isomeke kwa mbali, kwenye vumbi, na mtu aliyeko juu ya mtambo unaokwenda.

Wajerumani walioianzisha reli hiyo walitoka kwenye nchi yenye desturi ndefu ya rangi na alama za kusomeka kwa mbali. Kule Bavaria, hata mji mdogo wa soko una ngao yake na bendera yake, na mafundi wa ngao wa Ulaya walikuwa na sheria moja waliyoishika kuliko zote: usipandishe rangi nzito juu ya rangi nzito. Kati ya nyekundu na bluu, au kijani na nyeusi, pitisha njano au nyeupe. Haikuwa mapambo. Ngao ilibebwa vitani, na asiyesomeka haraka aliweza kuuawa na wenzake.

Mwaka 1914 Wilhelm Solf, aliyesimamia makoloni ya Ujerumani, aliandaa ngao kwa kila koloni. Ya Afrika Mashariki ilipewa kichwa cha simba. Vita vikaja, na simba yule hakupandishwa mlingotini hata siku moja. Waingereza nao wakatuletea kichwa cha twiga. Nembo tuliyojichagulia wenyewe ina watu: mwanamume mwenye mkarafuu miguuni, mwanamke mwenye mpamba, na katikati yao ngao yenye mwenge, mkuki, shoka na jembe. Mimi naipenda zaidi, hata pale mchora vibao wa kijijini anapoipaka ukutani na pembe za ndovu zikamtoka kama ndizi mbivu.

Ila sifa zangu leo ni za fundi cherehani. Itazame bendera ya Taifa, iliyopatikana mwaka 1964 baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Shuleni tulifundishwa kwamba njano ni madini, na ndivyo ilivyo. Lakini ile mistari miwili myembamba ina kazi nyingine ambayo mwalimu hakuitaja. Iondoe, nyeusi itamezwa na kijani upande huu na bluu upande ule, na ukiwa ng'ambo ya reli utaona kitambaa cheusicheusi tu. Ni sheria ileile ya mafundi wa ngao. Bendera ya CCM nayo inaitii: jembe na nyundo za njano juu ya kijani, unazitambua kabla hujalifikia tawi.

Ugumu wa bendera ya Taifa uko kwenye ukanda wake mweusi wa hanamu. Bendera yenye mistari ya kulala inaweza kushonwa hata na mwanafunzi wa cherehani. Hii yetu ina pembetatu mbili, na upande mrefu wa kila moja umekatwa kukingama na nyuzi za kitambaa. Kitambaa kilichokatwa hivyo hakina msimamo. Ukikishika kinarefuka, ukikivuta chini ya sindano kinajikunja mawimbi. Fundi anayejua hukata ukanda mweusi na ile mistari ya njano kwa kufuata uzi, ili yenyewe isivutike, kisha huipiga bandi kwenye pembetatu taratibu juu ya meza, kitambaa kikiwa kimelala, ndipo aguse cherehani. Mishono huikunja na kuificha, kwa kuwa bendera haina ndani wala nje. Upepo huonyesha pande zote mbili. Anayeruka hatua hizi utamjua siku isiyo na upepo: ukanda unaning'inia umevimba katikati.

Halafu kuna ukarabati. Bendera huanza kuchakaa ule upande wa mbali na mlingoti, unaopigapiga. Ya gadi, au ya chama ambayo alama yake iko juu karibu na mlingoti, unaikata kipande kilichochanika, unapinda upya, na hakuna atakayegundua. Ya Taifa haikubali. Ukanda wake umelengwa kwenye kona ya juu. Punguza hata upana wa vidole vinne, na kona inatoweka, kijani kinachungulia pale ambapo ukanda ulipaswa kuishia. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji akileta bendera iliyochanika, fundi mwenye kujiheshimu hakubali kuipunguza. Humtuma akalete kitambaa, rangi zote nne.